Kikohozi Nilichokimeza

Mpishi wa shughuli hakohoi. Akikohoa, akohoe kwake, amefunga mlango na redio inapiga kelele. Mie nimepika harusi, hitima, arobaini na maulidi huku Boko tangu binti yangu yuko mgongoni, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyenisikia nikikohoa juu ya sufuria. Moshi wa kuni unakuingia puani, bizari inakupanda kooni, machozi yanakutoka, lakini kikohozi unakirudisha kulekule kilikotoka. Watu wakisikia mpishi kakohoa, wanaanza kuziangalia sahani zao. Akirudia, wanaulizana pembeni kama hana kifua kikuu. Baada ya hapo hawakuiti tena, na hawakwambii kwa nini.

Kwa hiyo nilipoota uvimbe shingoni, upande wa kulia, nikagundua kwamba nikiugusa tu kikohozi kinachomoka chenyewe, nilifanya nilivyozoea. Nilikimeza. Mtandio nikawa naufunga kwa kuulegeza, usiku nalalia ubavu wa kushoto, na kazi zinaendelea.

Aliyeijua siri hiyo ni binti yangu peke yake. Tulikuwa tunaishi wawili, baba yake alifariki yeye angali mdogo. Basi mtoto yule alikuwa akipita nyuma yangu jikoni ananibonyeza shingo kwa kidole. Nakohoa. Anacheka mpaka anakaa chini. "Mama una kengele," ananiambia. Mie namfukuza na mwiko uwanja mzima, huku nacheka na nimekasirika, yote kwa pamoja. Hatukuwa tunajua tunachezea nini.

Wakati huo alikuwa amemaliza kidato cha sita na amepata nafasi chuoni Morogoro, kusomea upimaji wa ardhi. Usiniulize alikitoa wapi kichwa hicho, kwetu hakuna aliyepima kitu zaidi ya mchele. Alikuwa akitembea uwanjani kwetu anasema ukuta wa jirani umekula eneo letu, na nilikuwa nikimwambia anyamaze kabla hatujatafutiwa ubaya. Moyoni nilikuwa najisikia raha mpaka nashindwa kuificha.

Na posa ilikuwa imeshakuja. Fundi wa madirisha ya alumini, anaishi Kibamba, kijana mstaarabu, sina neno naye hadi leo. Binti yangu alimjibu mwenyewe, mbele yangu na mbele ya dada yangu mkubwa, kwa adabu lakini bila kuuma maneno: kama unaweza kunisubiri nimalize chuo, nisubiri. Kijana akasema anaweza. Tukanywa chai, likaisha.

Uvimbe nao ukawa unakua. Kwenye shughuli moja mama mmoja akanishika mkono akaniambia, "Bi mpishi, una goita hiyo, kaangalie." Nilijisikia vibaya kuambiwa hivyo mbele ya wenye shughuli, nikamjibu kwa mkato. Lakini binti yangu aliposikia hakunipa nafasi ya kupumua. Asubuhi yake alikuwa ameshavaa, ananisubiri mlangoni.

Daktari aliyetupokea hospitali alikuwa kijana, mdogo wa kuweza kuwa mwanangu, na aliniamkia shikamoo kabla hata hajakaa. Hilo ndilo lililonimaliza. Mtu kakuamkia vizuri, kanawa mikono, kakuinamia usoni, halafu wewe umkoholee? Akaniambia, "Mama, meza mate." Nikameza. Uvimbe ukapanda na kushuka pamoja na koo, nami nikamwona anatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta. "Uko kwenye tezi huu," alisema. Kisha akaubonyeza.

Kikohozi kikaja chote. Nilikaza tumbo, nikakunja vidole vya miguu ndani ya ndala, nikakimeza. Macho yakajaa maji.

"Inauma, mama?"

"Kidogo tu, baba."

"Una kikohozi?"

"Sina."

Binti yangu alikuwa amekaa pembeni yangu. "Lakini mama," alianza, "si ukibonyezwa huwa…" Nilimfinya paja chini ya mtandio. Sikumfinya kwa utani. Alinyamaza, akainamisha kichwa, na daktari hakuona lolote. Mie nikatabasamu pale kama mtu mwenye adabu zake.

Nikapigwa picha. Picha ikasema uvimbe umekaa kwenye tezi ya shingo. Nikachomwa sindano ndogo ya kuvuta seli, na ile sindano ilipoingia nilisikia kitu mithili ya umeme kimenipita kutoka shingoni hadi sikioni. Aliyenichoma akaniuliza kama niko sawa. Nikajikaza kisabuni, nikamwambia niko sawa. Nilikuwa nimeazimia kuwa mgonjwa mzuri, yule ambaye manesi wanamsifia kwamba hana usumbufu.

Majibu ya sindano yalipotoka daktari alituita mimi, binti yangu na dada yangu. Alieleza kwa upole. Seli zilizoonekana ni ndefu ndefu, na kuna saratani moja ya tezi, kali sana na inayokwenda haraka, ambayo seli zake huwa na sura hiyo. "Tunashuku," alisema. Akalirudia neno hilo, akatutazama mmoja mmoja. Alisema uvimbe inabidi utolewe, upimwe wote, na hapo ndipo tutakapojua kwa uhakika.

Mpaka tunafika Boko, dada yangu alikuwa ameshalitupa njiani hilo neno "tunashuku". Jioni ile alipiga simu kwa ndugu wa mbali na wa karibu, na kila aliyempigia alimwambia nina saratani na madaktari wamekata tamaa. Mie nilikuwa nimelala chumba cha pili namsikia. Sikunyanyuka kumsahihisha. Na mimi nilikuwa nimeshaamini, na isitoshe, nitasema ukweli, kulikuwa na utamu fulani katika kuhurumiwa. Maisha yangu yote nimewapakulia watu. Sasa watu walikuwa wanakuja kukaa miguuni pangu na kuniuliza nitakula nini.

Dada yangu si mtu wa kukaa na jambo bila kulifanyia kitu. Aliniambia sitaingia kwenye chumba cha upasuaji kabla sijamwona mwanangu anaolewa. Alikwenda mwenyewe kwa upande wa kijana. Kijana akauliza habari za chuo. Dada akamjibu kwamba binti amebadili mawazo yeye mwenyewe, anataka ndoa. Haya nilikuja kuyajua baadaye. Nilichokijua wakati ule ni kwamba binti yangu alikuja jikoni, nikiwa nimekaa kwenye kigoda nachambua bizari kwa mazoea tu, akachuchumaa mbele yangu.

"Mama," aliniuliza, "na wewe unataka?"

Ningeweza kusema nenda chuo. Maneno mawili, wala hayana uzito mdomoni. Nikamwambia, "Ningefurahi, mwanangu."

Akachukua ungo wangu, akaendelea kuchambua yeye.

Harusi ile, sijui niieleze vipi. Nimepika harusi zisizohesabika, lakini hiyo ya mwanangu sikuruhusiwa hata kupalia makaa juu ya mfuniko. Nilikalishwa kwenye kiti, nimefunikwa khanga mpya, wageni wanakuja mmoja mmoja kuniomba radhi. Mmoja aliwahi kunisema vibaya kwenye kikoba chetu cha akiba. Mwingine alisema pilau langu lina mafuta mengi kuliko nyama. Nikawasamehe wote, na machozi yakawa yanawatoka huku mikononi wana sahani za biriani. Vigelegele vikipigwa vinakatikia njiani, watu wananitazama halafu wanashusha macho. Ungepita barabarani usingejua ndani kuna harusi au matanga. Na mie nilivyokuwa nimepagawa, nikamwita mpishi mwenzangu wa Bunju nikampa masufuria yangu makubwa yote, mbele ya watu, nikamwambia ayatumie na aniombee dua. Akalia. Nami nikalia.

Sheikh alipokuja kuomba idhini nilikuwa chumbani na binti yangu, nimekaa kitandani pembeni yake. Sheikh alisimama mlangoni pamoja na baba mdogo wa binti, aliyeshika nafasi ya marehemu baba yake, akamtaja kijana, akataja mahari, akauliza, "Umeridhia?" Binti hakujibu. Akauliza tena. Mtoto akanyanyua uso chini ya shela, akanitazama mie, akanitazama shingoni pale penye uvimbe, kisha akainama. Kwetu msichana akinyamaza mbele ya sheikh, hesabu amekubali, ni haya zinamzuia. Dada yangu akapiga kigelegele. Huko nje wakaitikia.

Nilipasuliwa siku chache baadaye. Nilipozinduka sauti yangu ilikuwa imeharibika, inakwaruza kama mtu anayeburuta sufuria sakafuni, na hivyo ndivyo ilivyo hadi leo. Binti yangu alitoka Kibamba kila siku kuniletea uji. Vidole vyake vilikuwa bado vyeusi kwa piko la harusi. Nilirudi nyumbani Boko kusubiri majibu, na kusubiri kufa.

Majibu niliyafuata na dada yangu. Safari hii alitupokea daktari bingwa aliyenipasua, mama wa makamo mwenye miwani, mwenye maneno machache. Akasema si saratani. Dada yangu akamwomba arudie, akarudia. Akaeleza kwamba uvimbe wangu haukutoka kwenye tezi kabisa. Umetoka kwenye ganda linaloufunika mshipa wa fahamu unaopita shingoni, ni uvimbe wa nadra, hauli mwili na hausambai. Tatizo ulijishikiza kwenye tezi, tezi ikipanda nao unapanda, na kwenye picha ukaonekana ni wa tezi. Na seli zake ndivyo zilivyo, ndefu ndefu. Ukivuta chache kwa sindano zinaweza kukudanganya. Ilibidi maabara waupake dawa nyingine na nyingine ndipo wakaujua.

"Na sisi tulikwenda na wazo moja," alisema. "Tuliona tezi, tukatafuta ugonjwa wa tezi." Halafu akavua miwani. "Kuna dalili moja tu ambayo ingetushtua mapema. Uvimbe wa mshipa huu, mara nyingine ukiubonyeza, mgonjwa anakohoa hapohapo. Lakini wewe uliulizwa, hukuwa na kikohozi."

Dada yangu akajibu kwa niaba yangu, kwa majivuno kabisa. "Huyu hajakohoa tangu nimjue, daktari. Mpishi huyu."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Daktari aliniona nilivyobadilika, nadhani alidhani ni furaha. Nikamuuliza, kwa hii sauti yangu, kama mtu angekohoa ingekuwaje. Akasema upasuaji ungekuwepo tu, uvimbe ulikuwa wa kutoa. Lakini labda wasingetaja saratani kwanza. Labda wangesema tusubiri majibu ya upasuaji.

Watu wanafikiri kupona ni raha tupu. Mie niliona aibu kutoka uani. Jirani aliyeniomba radhi kwa mambo ya kikoba alinikuta dukani, akasalimia, akaniuliza, "Kwa hiyo hufi?" Hakuwa na nia mbaya, lilimtoka tu. Lakini tangu siku hiyo akiniona anapita upande wa pili, maana alishajianika mbele yangu kwa ajili ya marehemu, na marehemu yuko dukani ananunua sukari. Nilikwenda Bunju kuyaazima masufuria yangu mwenyewe. Mwenzangu akanijibu vizuri tu, "Chukua, shoga, ila Jumamosi nina shughuli nayo." Hata dada yangu alininunia. Alisema nimemwumbua kwa ndugu. Nikamwuliza ulitaka nife ili usiumbuke? Akanyamaza muda mrefu mno kwa swali la namna hiyo, na sote wawili tukacheka, kisha hatukucheka tena.

Boko nzima ilijua. Binti yangu ndiye hakujua. Nilimkataza dada asimpigie, nikasema habari hii nitaipeleka mwenyewe kwa mdomo wangu. Na kila mara alipopiga simu kuuliza majibu, nilimwambia hayajatoka. Nilikuwa namsikia anavyovuta pumzi. "Usijali, mama," ananiambia. "Tutasubiri." Nakata simu nakaa nimeshika shavu. Nilikuwa na habari ya furaha kuliko zote, na nilikuwa naificha kama mtu aliyeiba.

Nilikwenda Ijumaa moja, sikutoa taarifa. Nyumba yao iko Kibamba ya ndani kidogo, lakini mabasi ya Morogoro yakipiga honi kule barabarani unayasikia mpaka jikoni. Mkwe wangu alikuwa nyuma ya nyumba anakata alumini. Binti yangu alikuwa barazani kwenye mkeka, anachambua mchele. Alipika chai kwanza, hakukubali niongee kabla sijashika kikombe. Kisha nikamwambia.

Alisema alhamdulillahi, akaangua kilio, akanikumbatia hadi chai ikamwagika kwenye khanga yangu. Alilia kama mtoto mdogo. Baadaye akajifuta, akalaza kidole pale penye kovu, akabonyeza kidogo. Sikukohoa.

"Kengele wameing'oa," alisema, akacheka.

Nikamwambia yote. Kwamba kengele ndiyo iliyokuwa dalili. Kwamba daktari yule kijana angeisikia, huenda neno saratani lisingetajwa.

"Nilitaka kumwambia," alisema.

"Najua. Nilikufinya."

"Palibaki alama, mama." Alilisema bila lawama, kama mtu anayetaja hali ya hewa, na lilinichoma zaidi ya sindano. Akarudi kwenye ungo wake. Basi likapita huko barabarani likipiga honi, na nikaona mkono wake umesimama juu ya mchele mpaka sauti ikapotea.

Nikamwuliza, "Mwanangu, umeridhika na hapa?"

Akanyamaza. Nami kwa mara ya kwanza sikujijibia. Nilikaa pale na kikombe changu nikasubiri, nikamtazama usoni, hata aibu iliponijaa na nikataka kuongea jambo lolote lile kuhusu bei ya mchele, sikuongea.

"Hapana," alisema, kwa sauti ndogo sana. "Siyo yeye, mama. Yeye mzuri. Lakini wenzangu wameshaanza, wananitumia picha wako porini na zile mashine zao za kupimia." Kisha akanishika goti haraka. "Usiseme kitu. Ndiyo kwanza umepona, tusianze mambo. Nitazoea."

Nilimwangalia anavyokaza taya. Niliujua mkazo ule, ni wangu. Nimemfundisha mwenyewe, kwa vidole, hospitali mbele ya daktari.

Nikageukia uani nikamwita mkwe wangu. Sauti ilitoka mbaya, ikakwaruza, ilinibidi niite tena. Msumeno ukanyamaza. Akaja anajifuta mikono kwenye suruali, akasimama mbali kidogo kwa heshima ya mkwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Kaa hapa."

Binti yangu alinivuta khanga. Sikumjali. Nilimweleza kijana kila kitu, tangu kikohozi hadi majibu, na kwamba mkewe hakuwahi kubadili mawazo kuhusu chuo, walimbadilishia watu, na mie wa kwanza. Sikumwomba chochote. Sikujua naomba nini, na sikujua kama nimeijenga nyumba ile au nimeibomoa.

Alisikiliza mpaka mwisho, ameinamia viganja vyake vyenye vumbi la alumini. Hakunitazama mie. Alimgeukia mkewe.

"Mimi nilisema nitasubiri," alisema. "Mbona hukuniambia?"

Binti yangu alitoa jiwe dogo kwenye mchele, akalitupa nje ya mkeka.

"Mama alikuwa anakufa," alisema.

Nami nilikuwa nimekaa palepale katikati yao, nimeshika kikombe alichonipa, na chai nimeshaifikisha nusu.